Kompyuta Isiyouliza

9 Januari

Mdogo wangu Nukta,

Hujambo huko porini? Sisi huku tu wazima, ukiondoa mafua yaliyoingia nyumba hii na kukataa kutoka. Shemeji yako amehamishiwa zamu za mchana kiwandani, kwa hiyo siku hizi tunaonana kama watu waliooana. Mpwa wako ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele ya watu. Ukimchekesha anajifunika mdomo kwa mikono miwili, halafu anakasirika na wewe siku nzima.

Mimi bado na cherehani yangu. Msimu huu ni sare za shule, chumba cha mbele chote kimekuwa bluu, hata kwenye chai naokota nyuzi. Baba anakusalimia. Hakusema, lakini najua anakusalimia.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini na kalamu. Ile kompyuta uliyoiunganisha kwa vipande na kumwachia baba, ile uliyoitia Linux badala ya Windows ukatuapia kwamba itatuzika sote. Kila ikiwashwa unakuja kwanza ule ukurasa wenye jina lako na picha yako, bisibisi mdomoni, halafu inataka paswedi. Je, hakuna namna ya kuifanya ifunguke yenyewe, moja kwa moja, bila kumuuliza mtu kitu? Niandikie hatua kwa hatua, polepole, ukijua unamwandikia fundi cherehani. Na hiyo paswedi nipe pia.

Ni kwa ajili yangu tu. Nataka kuangalia mitindo ya nguo.

Kula vizuri. Ukisema umekonda nitajua, hata usiposema nitajua.

Dada yako

2 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako imeletwa na dereva wa lori la maji, imelowa kona moja, lakini maneno yote yamenusurika. Mimi mzima. Tumeshasimamisha nguzo mpaka ng'ambo ya bonde, na nyaya zitafuata. Tunapeleka umeme kwa watu wengine, sisi wenyewe tunalala kwa jenereta, na jenereta ikikohoa tu kambi nzima inaniita mimi. Mtandao ndiyo usiseme. Kuna kilima nyuma ya mahema, ukipanda na kunyoosha mkono juu, simu inashika kidogo kisha inakata kabla hujasema haloo. Nimeacha kupanda. Inauma zaidi kuliko kukosa kabisa.

Mwambie mpwa wangu asifiche pengo, mjomba wake anayo mawili na anacheka nayo.

Kuhusu kompyuta, dada, tumejuana siku nyingi. Wewe mitindo unaiangalia kwenye simu, tena umejilaza. Kuna nini? Kuifanya ifunguke yenyewe si kazi, lakini nataka kujua ni kwa nini. Na paswedi anayo baba. Niliiweka yeye akiwa amekaa pembeni yangu, akaipiga mara moja bila kutazama vidole, kama alivyokuwa anapiga barua za wakubwa ofisini kwao. Mpiga chapa wa maisha yote yule, hawezi kuisahau. Muulize yeye.

Kuna jambo jingine dogo. Mkataba wangu unaisha mwezi wa saba. Msimamizi ameanza kupita kwenye mahema akiuliza nani anaongeza miaka miwili na nani anarudi kwao. Sijamjibu.

Nukta

15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Jambo dogo, unasema! Unalipachika mwishoni mwa barua kama kifungo cha akiba. Tutalirudia, usidhani sijaliona.

Huku joto limezidi, mafua yamekwisha. Shemeji yako anakusalimu.

Haya, acha niache kuzunguka. Siwezi kumuuliza baba paswedi, ndiyo maana nakuuliza wewe. Nukta, naogopa. Kila asubuhi anaoga, anavaa shati lake la mikono mirefu, anafunga na vifungo vya mikononi, anakwenda chumba cha nyuma na kuwasha kompyuta. Halafu anakaa. Ule ukurasa unakuja, unamuuliza paswedi, na yeye anakaa tu, mikono magotini. Hapigi hata herufi. Nikipita na kitambaa changu anajifanya anafuta vumbi kwenye kioo. Nikirudi bado yuko palepale. Saa nyingine mpaka jua linahama dirishani. Zamani alikuwa akiingia na kucheza drafti na ile mashine, unamsikia anaitukana ikimla. Sasa kimya.

Unakumbuka mama wa duka la dawa, jirani yetu? Alianza hivihivi. Funguo kwanza, halafu njia ya kwenda sokoni, halafu majina ya wanawe. Nilimgusia baba habari ya kwenda kumwona daktari, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Nani anaumwa humu ndani?" Basi, yakaishia hapo.

Mtu mwenye vidole vile, anashindwa kupiga neno moja. Na najua anaona haya, ndiyo maana hasemi. Nataka siku moja awashe na ifunguke, akute drafti yake mbele, asikumbushwe kila asubuhi kwamba kuna kitu kimempotea. Nisaidie katika hilo.

Na huo mkataba, je, unarudi au unabaki?

Dada

11 Machi

Dada, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya jenereta, halafu nikaisoma tena, halafu nikaenda kukaza bolti ambazo hazikuwa zimelegea. Sina la kusema kuhusu baba. Nitasema la kompyuta, maana hilo naliweza.

Paswedi nimeiandika kwenye kikaratasi kidogo ndani ya bahasha. Jaribu kwanza kuiandika kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye kioo. Pengine akiiona tu vidole vitakumbuka vyenyewe.

Ikishindikana, fanya hivi. Washa, piga paswedi, uingie. Niliiwekea Kiswahili, kwa hiyo hutahangaika. Kona ya juu kulia kuna alama ya kuzimia. Bonyeza hapo utaona gurudumu lenye meno, hiyo ndiyo Mipangilio. Ndani yake shuka mpaka palipoandikwa Watumiaji. Utaniona tena hapo na bisibisi yangu. Vitu vyote vitakuwa vimefifia, havibonyezeki, na tafadhali usiipige kompyuta makofi. Juu kuna kitufe chenye kufuli. Kibonyeze, itakuuliza paswedi ileile, ipe, na rangi zitakolea. Sasa tafuta Kuingia Moja kwa Moja. Pembeni yake pana swichi ndogo, isukume mpaka igeuke rangi. Ni hayo tu. Zima, washa, kaa pembeni uone.

Ifanye siku ambayo hayupo, asikuone unahangaika kwa ajili yake. Unamjua.

Lori linaondoka, dereva anapiga honi kama kichaa.

Nukta

24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Umenijibu yote isipokuwa nililokuuliza. Haya.

Nilianza na karatasi kama ulivyosema. Niliikata vizuri kwa mkasi, nikaandika kwa kalamu nene, nikaibandika katikati ya kioo. Kesho yake asubuhi nikaikuta imekunjwa mara nne, imewekwa juu ya cherehani yangu. Nikasema moyoni, huyu mzee ana kiburi, hataki kusaidiwa. Nikaibandika tena. Ikarudi tena juu ya cherehani, mara hii imekunjwa ndogo zaidi.

Basi nikangoja aende kunyoa. Kinyozi wake unamjua, haachii kichwa mpaka amalize habari za mtaa mzima. Nikakaa na barua yako mapajani. Gurudumu nililiona. Watumiaji nikawaona, ingawa mtumiaji ni mmoja tu, tena hayupo. Kufuli nikalifungua. Ile swichi ilinitoa jasho, niliisukuma ikarudi, nikaisukuma ikarudi, kumbe nilikuwa naibonyeza mara mbili. Mwishowe ikakubali. Nikazima, nikawasha, ikapita moja kwa moja mpaka ndani! Nilipiga kelele mpaka mpwa wako akaja mbio akidhani nimejichoma sindano.

Furaha haikumaliza dakika. Kikatokea kisanduku katikati kinataka paswedi. Nimefungua mlango wa mbele, nakuta mlinzi amekaa sebuleni! Kinasema habari za kufungua funguo, funguo gani sijui. Nikikifuta kinarudi. Nimeirudisha ile swichi ilivyokuwa kabla baba hajafika, mpaka uniambie.

Na sasa nakuuliza tena, kwa herufi za kusomeka hata chini ya lori: unarudi mwezi wa saba? Chumba chako hakijaguswa. Nimeweka maroba mawili tu ya vitambaa, na yanatoka siku yoyote. Baba haulizi. Lakini posta ikifika anakuwa wa kwanza kwenda mlangoni, halafu ananipa barua bila kuifungua, anasimama pale akinyoosha kola yake mpaka nimalize kusoma. Nikimwambia anakusalimia, anasema, "Vema," anaondoka.

Dada

30 Aprili

Dada, shikamoo, na pole kwa kungoja. Mvua ilikata barabara, lori halikufika, tukanywa maji ya mvua tukichuja kwa fulana. Barua yako ilikaa njiani muda wote huo, na dereva anasema aliilalia ili isilowe. Nimemshukuru, ingawa ina alama ya kifungo chake.

Nakuambia kuhusu mlinzi. Kazi yake ni kutunza paswedi nyingine, ikiwemo ya mtandao wa duka la dawa mnaoutumia. Zamani mtu akipiga paswedi mlangoni, mlinzi naye alikuwa anaisikia na kufungua kimyakimya. Sasa mmeingia bila kupiga chochote, hakusikia kitu, ndiyo maana anauliza mwenyewe. Isukume tena swichi igeuke rangi, halafu tafuta programu inayoitwa Manenosiri na Funguo. Kushoto utaona neno Kuingia. Libonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kubadili nenosiri, ndiyo paswedi hiyo. Toa la zamani, na pale pa jipya usiweke kitu, acha patupu. Itakutisha kwamba si salama. Iambie endelea. Kwetu kuna mwizi gani wa kuiba drafti?

Hapo haitauliza tena kitu chochote.

Kuhusu mkataba, kuna mambo mengi ya kuangalia. Wenzangu wengi wanabaki. Fundi mwingine wa jenereta hajapatikana. Nitakueleza.

Yale maroba yaache hapohapo kwanza.

Nukta

12 Mei

Nukta,

Leo sina salamu ndefu. Wote wazima. Kaa chini.

Nilifanya kila ulichosema. Nikamwacha mlinzi mtupu, nikazima, nikawasha, na kompyuta ikafunguka mpaka mwisho, haikuuliza kitu. Nilijisikia fundi. Usiku huo nikamwambia shemeji yako kwamba kesho atasikia baba anaitukana drafti.

Asubuhi baba akaoga, akavaa shati, akaenda. Mimi nikabaki na cherehani, mguu kwenye pedali, sikio kule. Nikaisikia inawaka. Nikasikia inazimwa. Ikawashwa tena, ikazimwa tena. Halafu nikamwona amesimama mlangoni kwangu, ameshika fremu ya mlango.

"Nukta yuko wapi?" akaniuliza.

Mdogo wangu, mguu wangu ukaiachia pedali. Nikasema moyoni, ndiyo, ule ugonjwa sasa umefika. Nikamjibu taratibu, kama mtu anayezungumza na mtoto, "Baba, Nukta yuko kazini, mbali. Wanajenga nguzo za umeme."

Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Najua yuko kazini. Nauliza kwenye kompyuta. Nani amemtoa?"

Nikamweleza kwamba ni mimi, kwamba nilitaka kumsaidia kwa sababu amesahau paswedi. Akaanza kuitaja. Herufi moja moja, bila kusita. Alipofika mwisho akaitaja tena kinyumenyume, mpaka ya kwanza. Nikabaki nimeshika mkono wa sare isiyo na mwili.

Nikamuuliza, "Sasa baba, kama unaijua, mbona huipigi?"

Akasema, "Nikiipiga anaondoka."

Umeelewa? Hakuwa amesahau kitu. Ule ukurasa ndio una sura yako, kubwa, katikati. Ukiingiza paswedi inatoweka, inakuja drafti. Kwa hiyo alikuwa hapigi, mwaka wote huu alikuwa hapigi. Anakuvalia shati, anakaa mbele yako, anakwambia umeamkaje. Mimi nikampelekea karatasi nikakubandika usoni! Ndiyo maana alikuwa anaitoa. Na mimi kwa mikono yangu miwili, na barua zako mapajani, nimekufuta.

Nimekaa sakafuni katikati ya sare za watoto wa watu nikalia, na baba akanipigapiga bega akidhani nalilia kompyuta.

Dada

1 Juni

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mwanzoni sikukuamini, na bado sehemu yangu moja haikuamini. Usiniandikie mambo ya kunifurahisha tu. Huyo anayekaa na picha yangu asubuhi nzima ndiye aliyebaki ndani siku naondoka. Wewe ulinibebea begi mpaka kituoni. Mpwa wangu alinikumbatia mguu. Yeye hakutoka. Niligeuka pale kwenye kona, nikageuka tena, mlango ulikuwa wazi na hakuna mtu. Nilijua ana hasira kwamba nakwenda. Nikasema sawa, atakaponitaka ataniita. Hajaniita, dada. Hakuna barua hata moja yenye mstari wake.

Haya, tuirekebishe. Rudi kwenye ile swichi, irudishe ilivyokuwa, ukurasa wangu utakuja tena. Au kuna njia nzuri zaidi. Bonyeza kitufe cha kulia popote kwenye skrini palipo wazi, chagua kubadili picha ya nyuma, uweke hiyohiyo yangu ya bisibisi. Nitajaa skrini nzima. Hapo haina haja ya paswedi, na ataniona hata akicheza drafti. Atakuwa na mimi kutwa.

Msimamizi anataka majibu kabla mwezi haujaisha. Kalamu ameshaiacha mezani.

Nukta

14 Juni

Nukta,

Marahaba, na leo nina hasira na wewe, kwa hiyo soma ukiwa umesimama.

Nimekuweka kwenye skrini nzima. Alama ya drafti imekaa juu ya pua yako, na kikapu cha taka kiko kwenye paji la uso. Baba amekaa mbele yako siku mbili. Siku ya tatu akaniita, akasema, "Huyu si yule."

Nikamwambia ni picha ileile, baba, ileile kabisa.

Akasema, "Huyu haniulizi kitu. Amekaa tu."

Nimerudisha ile swichi. Sasa unakuja kama zamani, unamwuliza, naye hajibu, na wote wawili mmeridhika. Mnafanana mpaka inaudhi. Yeye anakungoja umuulize, wewe unangoja akuite, na mimi katikati nasukuma vitufe.

Nimemuuliza kuhusu siku ile. Nilikuwa namkata kucha, hawezi kukimbia. Nikasema, "Baba, Nukta anadhani ulikuwa na hasira naye, ndiyo maana hukutoka." Akatazama kucha zikidondoka mpaka nikamaliza mkono mmoja. Halafu akasema, "Ningetoka angeniona nalia. Angeniona nalia asingekwenda. Na ile kazi aliitaka sana." Akanipa mkono wa pili.

Ndivyo alivyosema, sijaongeza wala kupunguza. Alikuwa nyuma ya pazia la chumba chako. Alikuona ukigeuka. Anasema uligeuka mara ya tatu pia, ambayo hukuniandikia.

Nilimwomba akuandikie mstari mmoja, hata "habari". Akasema mtu hasumbuliwi akiwa kazini. Hatakuita, Nukta. Ukingoja hilo utazeeka na jenereta yako. Yeye kwake kukupenda ni kukuacha ufanye ulilotaka, basi, ndivyo alivyoumbwa, hata marehemu mama alikuwa analia kwa hilo.

Kwa hiyo nakuita mimi. Umenifundisha jinsi ya kuingia kwenye ile mashine kwa kila njia, na wewe mwenyewe hutaki kuingia nyumbani kwenu. Usishike hiyo kalamu. Baba anazeeka vizuri, akili zake zote anazo, na anazitumia kukaa mbele ya picha. Na mimi nimechoka kukugombeza kwa maandishi. Nimekumiss, mjinga wewe. Nataka kukugombeza ukiwa unakula chakula changu.

Maroba nimeyatoa.

Dada yako

3 Julai

Dada, shikamoo.

Sikusaini.

Nilikuwa nimefika mpaka mezani. Barua yako ilikuja asubuhi ya siku ya mwisho, na dereva alikuwa na pancha, angechelewa kidogo ingekuwa hadithi nyingine. Msimamizi aliniuliza sababu ya kuacha, ana sehemu ya kujaza. Nikamwambia kuna mtu nyumbani ananingoja. Akauliza, mke? Nikasema mzee. Akaandika "sababu za kifamilia", kisha akaweka kalamu chini akanitazama, akasema mzee wake yeye hakumwahi akiwa hai.

Nakabidhi jenereta fundi mpya akifika, na lori litakalomleta ndilo nitakalopanda. Wanasema ni mwezi huu, ukijumlisha matope. Nahesabu mambo ya kipuuzi, kwa mfano nitavaa nini.

Ile mara ya tatu ni kweli niligeuka. Hakuna aliyejua.

Mwambie baba nakuja. Hapana, usimwambie, barabara inaweza kuharibika tena. Aa, mwambie tu.

Nukta

15 Julai

Mdogo wangu,

Nimemwambia. Alikuwa amesimama mlangoni ananyoosha kola, mimi nikiwa nasoma barua yako. Sikumaliza, nikampa aisome mwenyewe. Akasoma yote mpaka jina lako chini, akaikunja, akasema, "Vema." Akaenda chumbani kwake. Alichukua muda kutoka, na alipotoka alikuwa amenawa uso.

Leo asubuhi nikamsikia anawasha kompyuta. Nilikuwa natia uzi, nikasubiri kile kimya nilichokwisha kukizoea. Mara nikasikia vidole, tatatata, haraka kuliko cherehani yangu, na kitufe cha mwisho kwa kishindo. Nikaacha kazi, nikaenda kuchungulia. Ulikuwa umeshaondoka kwenye skrini. Drafti imefunguka, na baba ameinama mbele, kete nyeusi ni zake, anamwita mpinzani wake majina ambayo siwezi kuandika kwenye karatasi ya posta. Kafungwa vibaya. Akaomba mchezo mwingine.

Nikamuuliza, "Baba, mbona leo hukukaa naye?"

Hakugeuka hata kunitazama. "Wa nini?" akasema. "Si anakuja."

Barua hii naipeleka posta sasa hivi, na sijui kama itakukuta. Kama imekukuta, basi bado uko huko. Usinijibu. Panda lori.

Dada